Usiku wa Tuzo za Uhuru wa Kujieleza: Mwongozo Kamili kwa Klabu na Asasi Zinazouandaa

Usiku wa kumpongeza mwandishi bora wa habari za kilimo na usiku wa kumheshimu mtu aliyepigania uhuru wa kujieleza unaweza kufanyika katika ukumbi uleule, kwa viti vilevile na mshereheshaji yuleyule, lakini ni shughuli mbili tofauti. Mshindi wa usiku wa kwanza hurudi nyumbani na ngao na furaha yake. Mshindi wa usiku wa pili hurudi na ngao, furaha, na macho mapya yanayomtazama: ya mwajiri wake, ya kiongozi wa eneo lake, ya mtu aliyetajwa katika kazi yake, na wakati mwingine ya ndugu zake wanaouliza kwa nini anajitafutia matatizo. Kwa sababu hiyo nashauri kamati ipange kila jambo kwa kuanzia Jumatatu ile ambayo mshindi atarejea kazini, kisha irudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya kutangaza tuzo.

Nimeratibu usiku wa aina hii mara tatu nchini Tanzania, na makosa mengi yatakayotajwa hapa ni yangu mwenyewe. Mifano ya sheria ni ya Tanzania, na pale ambapo Kenya inatofautiana nimegusia.

Hatua ya kwanza: amueni ni kazi gani hasa mnayoiheshimu

Kamati nyingi huanza na ukumbi na mgeni rasmi. Anzeni na sentensi moja iliyoandikwa, isemayo tuzo hii ni ya nini. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ni msingi mzuri kwa sababu haiwazungumzii waandishi wa habari peke yao. Inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa jamii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 33, inataja pia uhuru wa ubunifu wa sanaa na wa kitaaluma, na papo hapo inaorodhesha yasiyolindwa, yakiwemo propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki.

Mkiusoma uhuru huo kwa upana wake, mtaona kwamba wanaostahili tuzo si waandishi tu. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Wanasheria walioandaa hoja zile hawakuchapisha habari hata moja, lakini kazi yao inawahusu wote wanaochapisha. Mchora katuni Gado, Mtanzania aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake Nairobi, alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya wachora katuni mjini Geneva mwaka 2016. Maxence Melo wa JamiiForums alipopewa tuzo ya CPJ, kamati ya kimataifa ya kuwalinda waandishi wa habari, mwaka 2019, kilichoheshimiwa ni uendeshaji wa jukwaa ambalo wengine husema, pamoja na msimamo wa kukataa kuwataja watumiaji wake. Huyu mwanasheria, huyu mchoraji, huyu mwenye jukwaa: fomu yenu ya mapendekezo ikiuliza tu "jina la chombo cha habari", wote watatu mmewafungia mlango.

Ndiyo maana swali ninalolipendekeza liwe juu ya fomu ni hili: baada ya kazi hii, ni nani anayeweza kusema leo ambaye jana hakuweza? Swali hilo linatenganisha kazi nzuri na kazi iliyopanua nafasi. Makala kali kuhusu ubadhirifu inaweza kuwa nzuri sana bila kumfungulia mlango mtu mwingine yeyote, ilhali kipindi cha redio ya jamii kilichowazoesha wanawake wa kijiji kumhoji diwani wao hewani kinaweza kuwa na sauti mbovu na bado kikawa kimefanya kazi kubwa zaidi.

Swali hilohilo linaweka pia mpaka. Kuna kusema kunakonyamazisha wengine, na ukanda wetu una mfano wake mzito kuliko yote: redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 na kutumika kuchochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hukumu ya kesi ya vyombo vya habari ilitolewa Arusha tarehe 3 Desemba 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Andikeni katika kanuni zenu kwamba mtu ambaye kazi zake zinachochea chuki dhidi ya kabila, dini au jinsi hatafikiriwa, hata kama amewahi kukamatwa au kufungiwa. Kukamatwa peke yake si sifa.

Vipengele visizidi vitatu. Kila kipengele kinachoongezwa kinataka majaji zaidi, fedha zaidi na dakika kumi na tano zaidi za usiku, na kikishakuwepo ni vigumu kukiondoa mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: tarehe

Mvuto wa kwanza ni tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, iliyotokana na Azimio la Windhoek la mwaka 1991. Ni siku yenye uzito, lakini pia ni siku ambayo waandishi wote wameitwa kwenye maadhimisho ya kitaifa, kumbi zimekwisha, na habari yenu itapata aya mbili ukurasa wa nane. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Haki ya Kupata Taarifa, haina msongamano huo. Tarehe 2 Novemba ni siku ya kupinga kutoadhibiwa kwa uhalifu dhidi ya waandishi wa habari. Ilichaguliwa kuwakumbuka waandishi wawili wa Kifaransa, Ghislaine Dupont na Claude Verlon, waliouawa kaskazini mwa Mali siku hiyo mwaka 2013. Kwa Tanzania kuna pia tarehe 2 Septemba, siku aliyouawa Daudi Mwangosi katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwaka 2012. Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania una tuzo yenye jina lake, kwa hiyo zungumzeni nao kabla ya kuichukua siku hiyo ili msionekane kushindana na kaburi.

Yoyote mtakayoichagua, ihesabieni miezi minane kurudi nyuma: mwezi mmoja wa kanuni na fedha, miwili ya kupokea mapendekezo, miwili ya majaji na uhakiki, mmoja wa mazungumzo na waliochaguliwa, na miwili ya maandalizi ya usiku wenyewe. Angalieni kalenda ya Ramadhani na ya uchaguzi. Katika miezi ya kampeni mshindi yeyote atapachikwa chama, atake asitake.

Hatua ya tatu: fedha na wanaozitoa

Bajeti ya kawaida ya shughuli zetu humezwa na ukumbi, chakula na mapambo, mshindi akabaki na ngao ya kioo na bahasha nyembamba. Pindueni. Mimi hutaka angalau asilimia 40 ya fedha zote ziende kwa washindi: tuzo yenyewe, safari na malazi yao, na akiba ya miezi mitatu baada ya usiku, ambayo nitaieleza mwishoni. Tuzo ya UNESCO yenye jina la Guillermo Cano, mhariri wa Colombia aliyeuawa nje ya ofisi za gazeti lake mjini Bogotá mwezi Desemba 1986, hutoa dola 25,000 kwa mshindi mmoja. Hamtafika huko, lakini kanuni ni hiyohiyo: fedha itoshe kumwezesha mtu kufanya jambo fulani, kama kulipa wakili, kununua kamera iliyovunjwa, au kukaa miezi miwili bila mshahara.

Kwa mdhamini, andikeni barua ya masharti kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Iseme kwamba hatakuwa na mjumbe miongoni mwa majaji, hataona orodha ya walioingia fainali kabla ya umma, hatakabidhi tuzo kwa mkono wake, na jina lake na kiasi alichotoa vitachapishwa. Atakayekataa sharti la mwisho mshukuruni na kumwacha aende. Mara moja nilipokea fedha kwa maneno ya mdomo tu, na wiki mbili kabla ya usiku nikapigiwa simu kuulizwa kama kweli ilikuwa lazima jina fulani liwemo. Tulilibakiza jina, tukapoteza nusu ya fedha iliyokuwa haijalipwa, na wageni wakala wali na maharage. Hakuna aliyelalamika.

Kuhusu bahasha kwa waandishi wanaokuja kuripoti: msitoe. Najua ni mazoea, najua mshahara wa mwandishi wa mkoani ulivyo, na najua mtalaumiwa. Lakini usiku unaoheshimu sauti isiyonunuliwa hauwezi kuwanunua walio nyuma ya kamera. Wapeni chakula kama wageni wengine, na usafiri wa gari moja la pamoja ikiwa shughuli itaisha usiku sana.

Hatua ya nne: mapendekezo, majaji na alama

Ruhusuni mtu kupendekezwa na wengine, kwa kuwa wanaostahili zaidi mara nyingi ni wale wasiojitangaza. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, ipokelewe kwa karatasi, kwa barua pepe na kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu msikilizaji wa Ngara au Liwale anayetaka kumpendekeza mtangazaji wake hatajaza jedwali la kurasa sita. Kiswahili kitoshe. Anayependekeza aandike kazi ni ipi, ilifanyika lini, ilimfungulia nani mlango, na nani mwingine anayeweza kuthibitisha.

Majaji watano wanatosha, na idadi iwe witiri. Changanyeni: mhariri mstaafu, wakili, mtu wa sanaa, mtu kutoka nje ya mkoa, na mtumiaji wa kawaida wa habari, kwa mfano mwalimu au kiongozi wa ushirika. Kila mmoja aandike kabla ya kuanza ni nani kati ya waliopendekezwa anayemfahamu kwa undugu, ajira au ugomvi, kisha atoke chumbani jina hilo linapojadiliwa. Katika taaluma ndogo kama yetu kila mtu anamjua kila mtu, kwa hiyo mkisubiri jaji asiyemjua yeyote hamtampata. Kinachotakiwa ni uhusiano uandikwe na ujulikane.

Alama zitolewe na kila jaji peke yake nyumbani kwake kwanza, ndipo wakutane. Mgawanyo ninaoutumia ni alama 40 kwa kupanua nafasi ya wengine kusema, 25 kwa ukweli na uangalifu, 20 kwa ugumu wa mazingira, na 15 kwa ubora wa uwasilishaji. Watu huuliza kwa nini ugumu haupewi zaidi, kwa kuwa ujasiri ndio unaowagusa wageni. Sababu ni mbili. Ya kwanza, tuzo inayopima majeraha huwafundisha vijana kuyatafuta. Ya pili, ugumu hauonekani kwa usawa: mhariri wa Dar es Salaam akiitwa kituoni, taarifa husambaa kabla hajafika, na wakili anakuwa mlangoni, ilhali mwandishi wa kujitegemea wa wilayani hunyimwa tu habari, kisha nauli, kisha chumba cha kupanga, na hakuna siku hata moja ya mateso yake inayofaa kuandikwa gazetini. Jaji anayetafuta tukio kubwa hatamwona wa pili.

Hatua ya tano: uhakiki

Hii ni kazi kavu isiyoonekana, nayo ndiyo inayolinda tuzo yenu. Kila anayefika fainali asomwe au asikilizwe kwa ukamilifu, si kwa vipande vilivyoletwa na anayempendekeza. Mpigieni simu mtu aliyetajwa vibaya katika kazi hiyo kujua kama alipewa nafasi ya kujibu. Tafuteni kama kazi imenakiliwa. Pitieni alichoandika kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitatu iliyopita. Ulizeni waliofanya naye kazi, hasa wanawake, kama kuna malalamiko ya unyanyasaji, na ulizeni kwa faragha na kwa uzito. Tuzo ya kumpa mtu sauti haiwezi kukabidhiwa kwa aliyewanyamazisha wasaidizi wake.

Kumbukeni kwamba mafaili hayo yana habari nyeti za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Mtu mmoja ashike funguo, na mafaili yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Hatua ya sita: ridhaa, ambayo ni moyo wa jambo zima

Katika usiku wangu wa kwanza tulichapisha bango lenye picha ya mmoja wa waliofika fainali, jina lake kamili na wilaya aliyoripotia. Tulidhani tunamtukuza. Siku ya nne alinipigia simu kwa sauti ya chini kunieleza kwamba mwenye nyumba wake amemtaka ahame, kwa kuwa watu wawili walikuwa wamekuja kuuliza anaishi chumba kipi. Hatukuwahi kujua walikuwa nani. Bango tulilishusha, lakini bango la mtandaoni halishuki.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu mmoja. Kabla jina lolote halijatoka nje ya chumba cha majaji, mratibu hukutana na mhusika ana kwa ana, ikiwezekana mbali na ofisi yake, na kumweleza mambo manne: tuzo ni nini na nani ameifadhili, nani atakuwa ukumbini, nini kitachapishwa na wapi, na kwamba anaweza kukataa bila kutoa sababu na bila jina lake kutajwa popote. Mpeni siku saba za kufikiri. Mshaurini azungumze na mwenzi wake au wazazi, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa maswali sokoni. Ikiwa ana kesi mahakamani, wakili wake aulizwe kwanza. Sifa mnazompa jukwaani zinaweza kusomwa kama kuingilia shauri.

Kisha achague daraja la kuonekana. Daraja la kwanza ni jina, picha na hotuba. La pili ni jina bila picha wala mahali anapoishi. La tatu ni tuzo ya siri, ambapo ukumbini hutajwa kazi bila mtu, na fedha hukabidhiwa kimya. Watoa taarifa za uhalifu mara nyingi huhitaji daraja la tatu. Tanzania ina sheria ya kuwalinda ya mwaka 2015, lakini sheria hailindi jina lililokwisha kusomwa kwenye kipaza sauti. Chaguo liandikwe, lisainiwe, na liwe na nafasi ya kubadilishwa hadi asubuhi ya siku yenyewe. Mwaka mmoja mshindi wetu alishuka kutoka daraja la kwanza hadi la pili saa nane mchana, na mpiga picha alilazimika kuonyeshwa mlango. Tulikuwa tumejiandaa, kwa hiyo ilichukua dakika tano.

Wasioshinda nao wanahitaji ridhaa. Orodha ya fainali ni tangazo pia.

Hatua ya saba: kuandika maelezo ya tuzo

Maneno yatakayosomwa mshindi anapoitwa yaandikwe mapema na yasizidi maneno 150, nayo yapitiwe na wakili. Kosa la kawaida ni kuyajaza sifa: jasiri, shupavu, simba wa vita. Wahenga walishaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msifiaji naye humwagia. Linganisheni sentensi mbili. Ya kwanza: "Kwa ujasiri wake usio na kifani amewafichua mafisadi waliokuwa wakiwanyonya wananchi." Ya pili: "Kwa miezi kumi na moja alisoma hewani, kila Alhamisi, taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, kisha akafungua simu, na wasikilizaji ambao hawakuwahi kuuliza swali katika mkutano wa hadhara waliuliza." Ya kwanza inamtuhumu mtu ambaye hajahukumiwa na inaweza kuwapeleka mahakamani ninyi na mshindi wenu. Ya pili haimtuhumu yeyote, na ina nguvu zaidi.

Hatua ya nane: vibali, ukumbi na vifaa

Kwa mikusanyiko na maandamano ya hadhara, sheria ya polisi ya Tanzania inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Kenya inataka kati ya siku 3 na 14. Shughuli ya ndani yenye mialiko ni jambo jingine, lakini nashauri barua ya taarifa ipelekwe hata hivyo, nakala igongwe muhuri wa mapokezi, na nakala hiyo ikae mfukoni mwa mtu aliye mlangoni. Ikiwa kuna muziki au igizo, wasilianeni mapema na Baraza la Sanaa la Taifa, au kwa Zanzibar na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni.

Ukumbi uwe na milango miwili ya kutokea, njia ya kiti cha magurudumu hadi jukwaani, na jenereta iliyowashwa na kujaribiwa mbele ya macho yenu, si iliyosifiwa na meneja. Mkataba utamke kwamba mwenye ukumbi akighairi ndani ya siku 14 atarudisha fedha zote, na muwe na ukumbi wa pili uliokubaliwa kwa maneno. Hata ukumbi wa parokia au wa shule unafaa. Mkalimani wa lugha ya alama asimame penye mwanga. Mlangoni kila mgeni achague utepe: wa kijani kwa anayekubali kupigwa picha, mwekundu kwa asiyetaka, na wapiga picha waelezwe maana yake kabla ya kuingia. Matangazo ya moja kwa moja yacheleweshwe kwa nusu dakika ili jina lililoponyoka liweze kukatwa, na rekodi kamili ihifadhiwe ukumbini iwapo intaneti itakatika.

Hatua ya tisa: usiku wenyewe

Kwa wageni 150 na tuzo tatu, saa mbili na nusu zinatosha. Milango ifunguliwe saa 11 jioni, chakula kiwe kabla ya tuzo, nafasi ya swala ya Magharibi iachwe, shughuli ianze saa 1 kamili usiku na kufungwa saa 3 na nusu, ili watu wa daladala wapate usafiri. Chakula kikiwekwa mwishoni, mshindi wa tatu atahutubia watu wanaotazama sufuria.

Suala la mgeni rasmi lina mvutano kila mwaka. Wapo wanaosema kiongozi wa serikali asialikwe kabisa, na wapo wanaosema bila yeye hakuna kamera. Msimamo wangu ni kwamba aalikwe, apewe kiti cha heshima, hata salamu za dakika tano, lakini tuzo ikabidhiwe na mshindi wa mwaka uliopita au na mtu aliyefaidika na kazi inayoheshimiwa. Kwanza, picha ya kukabidhi itaishi miaka mingi na itasomwa kama baraka. Pili, saa. Mgeni wetu rasmi mmoja alichelewa kwa saa moja na dakika arobaini, akafuatwa na salamu za meza kuu, kila mmoja akianza na "itifaki imezingatiwa" kisha akaitaja yote upya, na mshindi aliyesafiri saa kumi na nne kwa basi akapewa dakika moja na nusu. Sasa ratiba yetu inaandika dakika saba za kila mshindi kwa wino mweusi, na dakika za wengine kwa penseli.

Mshereheshaji wa harusi hafai, hata akiwa rafiki wa kamati. Utani kuhusu polisi au kuhusu nani atafuata kukamatwa unachekesha ukumbini na unaumiza nje. Mpeni maelezo ya maandishi: majina yanavyotamkwa, nani yuko daraja gani la kuonekana, na maneno ya kuepuka. Mtu aliyetoweka asiitwe marehemu. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyetoweka Kibiti mwezi Novemba 2017, atajwe kama aliyetoweka, na familia yake iulizwe kabla jina lake halijasomwa.

Hotuba ya mshindi haipitiwi na kamati. Mnaweza kumweleza hatari za kisheria akitaka; kuifuta sentensi hamwezi, la sivyo mmeandaa usiku wa kitu kingine.

Mshindi asipokuwepo

Anaweza kuwa gerezani, uhamishoni, au amezuiwa kusafiri. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Oslo, tarehe 10 Desemba 2010, ambapo Liu Xiaobo wa China alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 11 na hakuna ndugu yake aliyeruhusiwa kwenda kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Waandaaji waliweka kiti kitupu jukwaani, wakaiweka hati ya tuzo juu yake, na mwigizaji Liv Ullmann akasoma maneno ambayo Liu mwenyewe aliyaandika kwa ajili ya kesi yake. Nguvu ya tendo lile ilitokana na uchache wa mapambo: kiti, hati, na maneno ya mhusika. Hakuna aliyesimama kusema kwa niaba yake mambo ambayo hakuyasema. Tuzo ya Guillermo Cano ya mwaka 2017 ilikwenda kwa Dawit Isaak, mwandishi wa Eritrea na Sweden aliyekuwa kizuizini tangu Septemba 2001, naye aliheshimiwa bila kuwepo.

Kwa hiyo tafuteni maandishi ya mshindi mwenyewe na msomaji mwenye sauti tulivu. Ulizeni familia kama tuzo itamsaidia au itamwongezea uzito gerezani, na jibu lao likiwa "subirini", subirini, hata kama kadi zimekwisha kuchapishwa.

Jumatatu

Fedha ziingie kwenye akaunti ya mshindi kabla ya usiku au ndani ya siku tatu. Hundi kubwa ya karatasi yenye tarakimu zinazosomeka kutoka kiti cha mwisho ni mwaliko kwa vibaka na wakopaji. Mkabidhini ngao tu. Asisafiri usiku uleule.

Mteueni mtu mmoja wa kumpigia simu mshindi siku ya Jumatatu, kisha kila wiki kwa miezi mitatu. Maswali ni machache: kazini wamekupokeaje, kuna mtu amekuja kukuuliza, simu yako na akaunti zako ziko salama, nyumbani wanasemaje. Awe na namba ya wakili aliyekwisha kulipwa kutoka ile akiba, pamoja na mawasiliano ya Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania na, kwa hali inayolazimu kuondoka nchini, ya DefendDefenders, shirika la kuwasaidia watetezi wa haki za binadamu lililoko Kampala. Mashirika haya yana taratibu zao na huomba ushahidi, kwa hiyo faili la mshindi liandaliwe mapema: nakala za kazi, tarehe za vitisho, majina ya mashahidi. Mwajiri wake aandikiwe barua ya pongezi. Ni jambo dogo, lakini limewahi kumrudisha mtu mmoja kwenye zamu aliyokuwa ameondolewa.

Mwisho wa mwezi wa tatu kamati ikutane kwa saa mbili. Ichapishe hesabu za mapato na matumizi, ichome mafaili ya wasiochaguliwa, isome kumbukumbu za simu za kila wiki, na imwombe mshindi aseme, akiwa peke yake na mratibu, kama angeikubali tuzo hiyo tena.